Wananiambia nisaini kwamba hiki kifua nilikuja nacho

Shikamoo Anti,

Naomba usitaje jina langu wala la kiwanda maana huku tunajuana. Nina miaka 29, nina mtoto mmoja yuko darasa la pili, baba yake aliondoka siku nyingi sitaki hata kumuongelea. Nafanya kazi kiwanda cha mikate huku upande wa barabara ya Nyerere, mwaka wa nne sasa. Niko kwenye kukandia, yaani sisi ndo tunamimina unga kwenye mashine, mfuko wa kilo 50 mnaushika wawili mnaunyanyua mnaupindua, ukishuka ule unga unapanda wote juu mnapotea humo ndani hata hamuonani. Tukimaliza shifti tunafagia, na zile kona ambazo ufagio haufiki kuna kijana anapuliza na kompresa, hapo ndo balaa zaidi, tunatoka mpaka kope nyeupe.

Mwanzo ilikuwa mafua tu. Napiga chafya kuanzia naingia getini mpaka natoka, macho yanawasha, nikajua ni aleji ya kawaida nikawa nanunua vidonge duka la dawa namezea. Mwaka jana ndo kikaja kikohozi, usiku sana, saa nane saa tisa nimekaa kitandani nimekumbatia magoti maana nikilala pumzi haifiki, kifua kinapiga filimbi mpaka mwanangu anaamka ananiuliza mama hicho ni nini. Nikaenda hospitali nikapimwa makohozi, hamna TB, nikapewa antibayotiki. Nikarudi tena nikapigwa picha ya kifua wakasema iko safi, antibayotiki nyingine. Pale tunapoishi watu washaamua kwamba ni TB, kikombe changu kinawekwa pembeni.

Kilichonishtua ni likizo. Desemba nilienda kwa mama Muheza nikakaa mpaka baada ya mwaka mpya, Anti nilipona kabisa, nabeba ndoo ya maji napandisha kilima wala sihemi. Nikasema basi itakuwa hewa ya Dar. Nikarudi mjini nikakaa hapa Tabata kama wiki hivi mzima kabisa. Nimeingia shifti ya kwanza tu, usiku wake kikarudi chote kama kilivyokuwa.

Mwezi uliopita nikazidiwa kazini, nikapakiwa bodaboda mpaka zahanati nikawekewa ile dawa ya kuvuta kwa mashine. Daktari wa pale, kijana tu, ndo mtu wa kwanza kuniuliza unafanya kazi gani. Nikamwambia. Akaandika kwenye karatasi kwamba ni pumu na huenda inatokana na vumbi la unga kazini, akanipa na inhela, akasema niende hospitali kubwa nikapimwe vizuri. Ile karatasi nikaipeleka ofisini nikijua nafanya jambo la maana.

Wiki iliyofuata nikaitwa. Yuko mtu wa HR na mwingine simjui. Wakaniuliza utotoni uliwahi kuumwa kifua? Nikajibu ukweli, ndio, nilivyokuwa na miaka mitano sita kipindi cha baridi kilikuwa kinanisumbua, nikakua kikaisha. Wakaangaliana. Wakatoa karatasi imeshachapwa, inasema naacha kazi kwa hiari yangu kwa sababu za kiafya, ugonjwa nilikuwa nao kabla sijaajiriwa, na sina madai yoyote kwa kampuni. Nikisaini napewa milioni moja na laki mbili. Nisiposaini mkataba wangu unaisha mwezi wa sita, hawatauongeza na sitapata hata mia. Nimepewa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Karatasi yenyewe wamekataa nisitoke nayo.

Sasa Anti kinachonitesa zaidi sio hela. Aliyeniingiza pale ni shangazi yangu, dada wa baba. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, shangazi ndo akanichukua akanileta mjini akanilipia ada mpaka nikamaliza. Ni supavaiza wa shifti, ana miaka kumi na nne pale. Na yeye wamemuita, wamemwambia huyu mtu wako akituletea mambo ya serikali hapa tutajua umemtuma wewe. Akaja nyumbani usiku huohuo, kakaa kwenye kochi hata mtandio hajavua, anasema mwanangu saini, chukua hiyo hela fungua genge, mimi nimebakiza miaka michache na bado nasomesha, usinitoe nje uzeeni. Anaongea huku anakohoa, maana na yeye ana kikohozi chake cha siku nyingi anatembeaga na chupa ya maji ya tangawizi, na analia. Sijawahi kumuona shangazi analia, hata kwenye msiba wa baba hakulia mbele za watu.

Wenzangu wa kukandia nao wanakohoa, wawili wana pampu wanavuta chooni kwa siri maana ukijulikana unaumwa jina linapotea kwenye ratiba. Wageni wa ukaguzi wakija tunaambiwa siku moja kabla, panaoshwa, tunagawiwa barakoa nzuri za kwenye boksi, wakiondoka zinakusanywa zinarudi stoo. Siku nyingine tunavaa za kitambaa tumeshona wenyewe.

Nisaini? Nikikataa si nimemuangusha shangazi aliyenilea? Na kama kweli hiki kifua nimezaliwa nacho, si nitakuwa namsingizia mtu? Kodi nadaiwa, kwenye kikoba nina mkopo. Nisaidie kabla ya Ijumaa.

Mama Junior (sio jina langu), Tabata

*

Marahaba mwanangu, pole sana. Pole ya kifua, na pole ya kukalishwa kwenye kiti mbele ya watu wawili ukaulizwa habari za utoto wako kama vile umeiba kitu. Barua yako nimeisoma nikairudia. Ulivyoipanga wewe ni hivi: upande mmoja kuna afya yako na haki yako, upande wa pili kuna shangazi, na Ijumaa unatakiwa uchague mmoja umtupe mwingine. Naomba tupaangalie hapo taratibu, kwasababu sina uhakika kama mambo yamegawanyika hivyo kweli.

Nianze na lile la kusingizia, maana naona ndo limekukaa rohoni. Pumu inayotokana na unga ni ugonjwa unaojulikana miaka mingi sana, ni moja ya pumu za kazini zinazojulikana kuliko zote duniani, na Shirika la Kazi Duniani, ILO, limeiweka pumu inayosababishwa na vitu vya kazini kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazi. Unga wa ngano una protini ambazo mtu akizivuta kila siku mwili unaweza kuanza kuzikataa, na vile vitu vinavyochanganywa ili mkate uumuke vizuri, vimeng'enya kama amilesi, navyo vinafanya hivyohivyo. Haianzi siku moja. Mara nyingi mtu anafanya kazi miezi au miaka hana shida, halafu pua na macho vinatangulia, kifua kinafuata, na mwili ukishaukataa unga basi hata kiasi kidogo tu kinatosha kukuangusha, kama yule mtu ambaye nyuki mmoja tu akimuuma anavimba mwili mzima. Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Chafya kuanzia getini, kisha kikohozi cha usiku, Muheza mzima, Tabata wiki nzima mzima, shifti moja tu kimerudi. Hewa ya Dar ingekuwa ndo shida ungeanza kukohoa ukiwa Tabata. Na makohozi kutokuwa na TB na picha kuwa safi havimaanishi huumwi, kwasababu pumu kwa kawaida haionekani kwenye picha.

Ila na mimi sitaki nikurushe upande wa pili. Daktari ameandika "huenda", na mpaka upimwe hiyo "huenda" inabaki palepale. Mimi siwezi kukupima kwa barua, na yule wa HR naye hawezi kukupima kwa kukuuliza ulikuwaje ukiwa na miaka mitano. Tuseme kweli ulikuwa na kifua utotoni. Mtu mwenye historia ya aleji anaweza kupata hii pumu kirahisi kuliko mwingine, ni kweli, lakini zaidi ya miaka ishirini imepita umekaa vizuri, na hata mtu aliyekuja kazini na pumu yake, kazi ikaizidisha, bado kazi imemuumiza. Kingine, jiulize kama ulipoajiriwa ulipimwa afya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi, wakiwa kazini na wakitoka, kwa gharama za mwajiri. Kama ulipimwa ukaonekana mzima, hiyo ripoti iko mahali, iulizie. Kama hukupimwa, basi hiyo sentensi ya "ugonjwa nilikuwa nao" wameitoa wapi? Hawana walichokishika zaidi ya jibu lako la ukweli.

Tuje kwenye karatasi yenyewe. Ndani yake wameweka mambo matatu kwa pamoja na kila moja lina kazi yake. Ukisema umeacha kwa hiari, kesho ukienda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kulalamika kwamba umeachishwa, wao watatoa sahihi yako tu. Ukisema ugonjwa ni wa zamani, hiyo itatumika siku ukienda kudai fidia. Na hilo la kutokuwa na madai sihitaji kulieleza. Milioni moja na laki mbili ni hela, sitakudanganya, mtu anayedaiwa kodi hawezi kuambiwa hela hiyo ni ndogo na mtu asiyemlipia kodi. Ila iweke pembeni ya kifua ambacho pengine utakinunulia dawa miaka mingi, halafu uone yenyewe inafika wapi. Chochote utakachoamua, omba nakala. Sema kwa upole tu, naomba nikaisome na ndugu zangu. Wakikataa, andika usiku huohuo unachokikumbuka, tarehe, nani alikuwepo, nani alisema nini. Na kama kuna meseji yoyote wamekutumia usiifute.

Kuna jambo hukulitaja kabisa kwenye barua nikahisi labda hulijui, nalo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Umewekwa na sheria namba 20 ya mwaka 2008. Mwajiri ndo anachangia kila mwezi, wewe hukatwi hata senti, na mtu akiumia au akiugua kwasababu ya kazi, Mfuko ndo unalipa: matibabu, na kama umeshindwa kufanya kazi kwa muda kuna malipo ya asilimia 70 ya mshahara mpaka miezi 24, na kama ulemavu umebaki kuna fidia yake. Nakwambia hivi kwasababu umeandika kama vile ukidai unaenda kuchomoa hela mfukoni kwa bosi. Kwenye fidia sio hivyo, kama wamechangia wanavyotakiwa Mfuko ndo unaobeba. Kwanini basi wana haraka hivyo sitaki kuwasemea. Lakini angalia muda, taarifa inatakiwa iwafikie ndani ya miezi 12 tangu ugonjwa ugundulike. Taratibu ni mwajiri atoe taarifa, asipotoa haimaanishi mlango umefungwa, nenda mwenyewe ofisi zao na karatasi za hospitali ukaulize. Sikuahidi kwamba watakubali, wana madaktari wao wa kupitia na wanaweza wakasema ushahidi hautoshi.

Na ushahidi ndo unanileta kwenye sehemu ngumu kuliko zote, mwanangu, hapa naomba usome polepole. Njia nzuri ya kuonyesha kwamba pumu inatoka kazini ni kupima pumzi ukiwa kazini na ukiwa nje ya kazi halafu kulinganisha. Kuna kidude kidogo cha plastiki unapuliza, kinaonyesha nguvu ya pumzi, unapuliza mara nne au zaidi kwa siku kwa wiki kadhaa, siku za shifti na siku za kupumzika, unaandika kwenye daftari. Ukishaacha kazi, huo ulinganisho unakuwa mgumu sana kuupata. Lakini kila shifti unayoingia kwenye lile vumbi inazidi kukuumiza, na inavyojulikana ni kwamba anayetolewa mapema kwenye unga ana nafasi kubwa ya kupona au kupata nafuu kuliko anayevumilia miaka, inhela anavuta na unga anaendelea kumimina. Kwahiyo ukitoka haraka unajikinga kifua na unapunguza ushahidi, na ukibaki ni kinyume chake. Hilo siwezi kulitatua mimi, ni la daktari wa kifua, na ni la wiki hii. Nenda hospitali ya rufaa au Muhimbili, na ukifika usiseme tu nakohoa, waambie nafanya kazi kwenye unga wa ngano, nikiwa likizo napona, nikirudi naumwa. Beba ile karatasi ya zahanati. Waulize kama upimwe ukiwa bado kazini au upumzishwe kwanza.

Daktari akisema pumzika, hiyo ni likizo ya ugonjwa na ni haki yako, kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004 ni siku 126 kwenye kipindi cha miezi 36, nusu ya kwanza mshahara kamili na nusu ya pili nusu mshahara. Njia nyingine ni kuomba kwa maandishi uhamishwe sehemu, sheria inataka mwajiri aangalie kwanza kama kuna kazi nyingine unayoiweza kabla hajakuondoa kwa ugonjwa. Kufungasha au kupakia kwenye gari ni afadhali, ila kama ni jengo hilohilo na ile kompresa inapuliza upande wa pili, vumbi litakufuata, kwahiyo usidanganyike kwamba kuhama meza kumemaliza. Na hili la mkataba kuisha mwezi wa sita lina kweli yake, mkataba wa muda ukifika mwisho unaisha. Ila kama umekuwa ukiongezwa mwaka baada ya mwaka na ulikuwa na sababu ya kutegemea utaongezwa tena, kutokuongezwa kunaweza kuhesabika kama kuachishwa, na unakuwa na siku 30 tu kwenda CMA. Watu wengi wanachelewa hapo, wanasubiri bosi abadilishe mawazo, siku zinaisha. Wakusomee hiyo mikataba yako watu wanaojua: TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani na biashara, kama kuna tawi kazini kwenu, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, hao wawili wa mwisho wanasaidia bure wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Nenda kabla ya Ijumaa.

Sasa shangazi.

Umeniandikia kuhusu kikohozi chake kwa mstari mmoja, katikati ya mambo mengine, kama mtu anayetaja rangi ya kochi. Mimi nilisimama hapohapo. Miaka kumi na nne ndani ya jengo hilohilo, kikohozi cha siku nyingi, chupa ya tangawizi kila anapokwenda. Sisemi ana ugonjwa kama wako, inaweza kuwa presha na dawa zake, inaweza kuwa TB kweli na yenyewe inatibika, inaweza kuwa kitu kingine. Lakini wewe umemuona kama mtu anayesimama upande wa kampuni, na mimi nimemuona mama anayekwambia saini ondoka huku yeye mwenyewe anabaki kwenye vumbi lilelile kwasababu ana watoto wa kusomesha. Pengine anachokuomba ndo njia pekee anayoijua ya kukutoa humo ndani. Na kilio chake, je una uhakika ni cha kazi tu? Mtu aliyemleta mtoto wa kaka yake mahali, halafu mtoto akaugua hapohapo, anabeba kitu ambacho labda hajamwambia mtu.

Jaribu kumuendea sio na habari ya karatasi. Mwambie shangazi nasindikizwa na nani hospitali, twende wote, na wewe ukapimwe hicho kikohozi. Anaweza akakataa, anaweza akakasirika akasema unamchuria, na anaweza akaja. Akija mkakaa kwenye benchi la hospitali masaa, mtaongea mambo ambayo kwenye kochi siku ile hayakuongeleka. Muulize pia kwa heshima, mimi nikisaini wewe utakuwa umepona kweli? Kwasababu wenzako wawili wanavuta pampu chooni. Kesho mmoja wao akizidiwa akapelekwa kwa bodaboda kama wewe, shangazi kama supavaiza wa shifti ataitwa tena. Labda atakwambia ndio, bora hivyo, nitavumilia mpaka nistaafu. Ni mtu mzima, jibu lake litakuwa na uzito na utatakiwa ulisikie hata kama hulipendi. Ila utakuwa unaamua ukijua anachokiogopa hasa, sio unachokisia.

Kuhusu kuwaita OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ambao ndo wanaosimamia hiyo sheria ya 2003, najua hasira ya zile barakoa za boksi, na mimi nimeisoma nikakasirika. Kampuni yenye barakoa stoo inajua vumbi ni hatari, ingekuwa haijui isingezinunua. Na barakoa yenyewe ni kinga ya mwisho. Kwanza mashine iwe na mfuniko na kifaa cha kufyonza vumbi pale mnapomimina, mfuko ufunguliwe chini taratibu badala ya kupinduliwa kutoka juu, sakafu ifyonzwe au ipigwe deki ya maji, na ile kompresa kwenye kona iachwe, hiyo ya mwisho haina gharama hata shilingi. Unaweza kupeleka malalamiko na ukaomba jina lako lisitajwe. Lakini ujue kwamba mko wachache kwenye kukandia na wewe ndo umepeleka karatasi ya daktari juzi, watakukisia wewe na watamkisia shangazi, kwahiyo hilo liweke kwenye hesabu kabla, sio baada. Wenzako inawezekana siku ya siku wasisimame na wewe, wana watoto nao. Lakini kuna tofauti ya kumuomba mtu asimame mbele ya meneja na kumuomba aende hospitali akamwambie daktari anafanya kazi gani. Hilo la pili hata muoga analiweza, na karatasi za watu watatu kutoka meza moja zinaongea kuliko ya mmoja.

Kikoba kaongee nao mapema, mweka hazina akiambiwa kabla ya siku ya marejesho ni tofauti na akiambiwa siku yenyewe. Na Ijumaa ikifika hujamaliza haya, unaweza kuwaambia bado nasubiri majibu ya hospitali. Wanaweza wakaiondoa ile hela mezani, hiyo ni hatari ya kweli na siwezi kukuficha. Wanaweza pia wakasubiri. Kusaini au kutosaini nakuachia wewe, wewe ndo unalala kwenye hicho kitanda saa tisa za usiku na wewe ndo mtoto wa shangazi, mimi ni msomaji wa barua.

Jambo moja tu halisubiri Ijumaa wala shangazi wala daktari wa rufaa. Inhela uliyopewa pengine ni ile ya kufungua kifua kwa wakati ule tu, muulize daktari kama unahitaji na ile nyingine ya kila siku ya kutuliza uvimbe ndani. Na siku ukivuta isisaidie, ukawa huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, au midomo ikaanza kubadilika rangi, amsha jirani mwende hospitali hapohapo hata kama ni usiku wa manane. Mfundishe na mwanao inhela inakaa wapi na mlango upi akagonge.

Anti